Kutatua mlinganyo tofautishi kwa kutafuta nukta tuli ya nishati: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mlinganyo tofautishi ni mlinganyo ambao kisichojulikana ndani yake si namba bali ni fanksheni nzima, na tunachoelezwa kuhusu fanksheni hiyo ni uhusiano uliopo kati yake na derivativu zake. Milinganyo mingi ya aina hii, hasa ile ambayo fanksheni imepandishwa kwenye kipeo cha pili au cha tatu, haitatuliki kwa kuandika jibu kwa fomyula fupi. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine: tunatafuta kipimo cha nishati ambacho mahali kinapotulia ndipo mlinganyo unapotimia, kisha tunathibitisha kwamba mahali hapo papo, na mwishoni tunapakadiria kwa namba.

Nimeuandika kwa ajili ya msomaji aliyekwisha kujifunza derivativu na integrali za kawaida, na ambaye pengine amewahi kuona njia hii ikifundishwa kwa nadharia tupu bila mfano hata mmoja uliofikishwa mwisho. Kwa hiyo tutachukua mlinganyo mmoja tu na kutembea nao tangu mwanzo:

−u'' = u³ kwa x kati ya 0 na 1, na u(0) = u(1) = 0.

Fanksheni ambayo ni sifuri kila mahali inautimiza mlinganyo huu bila taabu yoyote, nayo haitufai. Tunataka suluhisho lisilo sifuri. Nimeuchagua mlinganyo huu kwa sababu unabeba ugumu wote wa njia yenyewe, na wakati huohuo jibu lake la kweli linaweza kupatikana kwa njia ya kando, kwa hiyo tutaweza kupima kazi yetu badala ya kuiamini tu. Alama ∫ popote itakapoonekana hapa chini ina maana ya integrali ya kuanzia 0 hadi 1.

Hatua ya kwanza: andika nishati

Chukua fanksheni yoyote φ ambayo ni laini, yaani ina derivativu bila kikomo, na ni sifuri kwenye ncha zote mbili. Zidisha pande zote za mlinganyo kwa φ, piga integrali, kisha tumia kanuni ya integrali kwa sehemu upande wa kushoto. Kwa kuwa φ ni sifuri kwenye ncha, hakuna masalio yanayobaki huko, na unapata:

∫u'φ' = ∫u³φ, kwa kila φ.

Hii huitwa sura dhaifu ya mlinganyo. Udhaifu wake ni kwamba inadai derivativu moja tu ya u badala ya mbili, na udhaifu huo, kama tutakavyoona, ni faida kubwa. Sasa jiulize ni kipimo gani ambacho mabadiliko yake, u inaposogezwa kidogo kuelekea φ, ni ∫u'φ' − ∫u³φ. Jibu ni:

J(u) = ½∫u'² − ¼∫u⁴.

Hakikisha mwenyewe: andika J(u + tφ), tafuta derivativu yake kwa t, kisha weka t = 0. Kipeo cha pili kinashuka na kufuta ½, na kipeo cha nne kinashuka na kufuta ¼. Matokeo hayo tutayaandika J'(u)φ. Fanksheni u ambayo J'(u)φ = 0 kwa kila φ huitwa nukta tuli ya J, maana ukisimama hapo, upande wowote utakaogeukia, nishati haina mwinamo.

Usiipite hatua hii kwa haraka. Makosa mengi ninayoyaona katika kazi za wanaoanza ni ya alama ya kutoa au ya sehemu iliyosahauliwa mbele ya integrali ya pili, na kosa la hapa huonekana mwishoni kabisa, namba zinapokataa kulingana.

Hatua ya pili: chagua nafasi ya kutafutia

Katika karne ya 19 mwanahisabati Riemann na wenzake walitumia hoja ya nishati wakiamini kwamba kipimo kisichoweza kushuka chini ya kiwango fulani lazima kikifikie kiwango hicho kwenye fanksheni fulani. Mwaka 1870 Weierstrass alionyesha kwa mfano wa wazi kwamba imani hiyo si ya kweli siku zote, na hoja hiyo ikapoteza heshima kwa miaka thelathini hivi, mpaka Hilbert alipoisimamisha tena karibu na mwaka 1900. Tatizo halikuwa kwenye nishati bali kwenye mkusanyiko wa fanksheni ambamo watu walikuwa wanatafuta.

Mfano rahisi unasaidia. Mtu anayejua sehemu tu, yaani namba zinazoandikika kama nzima juu ya nzima, akifuata mfuatano 1, 1.4, 1.41, 1.414 na kuendelea, ataona hatua zikizidi kusogeleana, lakini kikomo chake, kipeuo cha pili cha 2, hakimo katika namba anazozijua. Hivyo ndivyo ilivyo kwa fanksheni laini: mfuatano wake unaweza kusogeleana kwa kipimo cha nishati ilhali kikomo chake kina pembe na si laini tena. Dawa ni kuongeza vikomo vyote vinavyokosekana. Mkusanyiko unaopatikana huitwa nafasi ya Sobolev, nao tutauita H. Ukubwa wa kila u ndani ya H unapimwa kwa ‖u‖, ambayo ni kipeuo cha pili cha ∫u'².

Kabla ya kuendelea, andika pembeni makadirio matatu yatakayotumika tena na tena.

La kwanza ni |u(x)| ≤ ½‖u‖. Sababu yake ni kwamba u(x) ni integrali ya u' kutoka 0 hadi x, na pia ni integrali hiyohiyo kutoka x hadi 1 yenye alama iliyogeuzwa; ukijumlisha ukubwa wa zote mbili unapata 2|u(x)| ≤ ∫|u'|, na ukosefu wa usawa wa Cauchy na Schwarz unamalizia. La pili ni |u(x) − u(y)| ≤ ‖u‖ mara kipeuo cha pili cha |x − y|, ambalo linatoka kwa hoja ileile. La tatu ni ∫u² ≤ ‖u‖²/π², nalo hugusa usawa pale u inapokuwa sin πx.

Hatua ya tatu: soma umbo la nishati kabla ya kutafuta chochote

Mwanafunzi aliyezoea matatizo ya kutafuta thamani ya chini kabisa atataka kuishusha J mpaka iishe. Hapa haiwezekani. Jaribu u = a·sin πx. Integrali ya kwanza ni a²π²/2 na ya pili ni 3a⁴/8, kwa hiyo:

J = π²a²/4 − 3a⁴/32.

Kwa a = 6 hesabu inatoa takriban −32.7, na a ikiongezeka zaidi nishati inazama bila mwisho. Kuipandisha hadi kileleni nako hakusaidii, kwa sababu ukichukua a·sin nπx na kuacha a ileile huku n ikikua, sehemu ya kwanza inakua kwa n² na ya pili inabaki palepale. J haina sakafu wala dari. Kama ina nukta tuli isiyo sifuri, nukta hiyo ni ya aina ya tandiko: ukielekea huku unashuka, ukielekea kule unapanda.

Sasa tazama jirani ya sifuri. Kwa makadirio ya kwanza na ya tatu, ∫u⁴ haizidi ¼‖u‖² mara ‖u‖²/π², yaani ‖u‖⁴/(4π²). Kwa hiyo:

J(u) ≥ ½‖u‖² − ‖u‖⁴/(16π²).

Chagua ‖u‖ = 2π, ambapo upande wa kulia ni mkubwa kuliko wote, na unapata J(u) ≥ 2π² − π² = π², yaani takriban 9.87. Kila fanksheni iliyo kwenye umbali wa 2π kutoka sifuri ina nishati isiyopungua 9.87, wakati sifuri yenyewe ina nishati 0. Nje ya mzunguko huo, e = 6·sin πx, ambayo ukubwa wake ni takriban 13.3, ina nishati hasi.

Aliyewahi kusimama kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro ana picha kamili ya hali hii. Sakafu ya kreta iko kati ya mita 1,700 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, ukingo unaizunguka pande zote kwa kimo cha takriban mita 600 juu ya sakafu, na nje yake, upande wa kusini-magharibi, Ziwa Eyasi liko chini zaidi ya sakafu hiyo. Anayetoka sakafuni kwa miguu kwenda Eyasi, hata kama mwisho wa safari yake uko chini ya mwanzo, hana budi kupanda kwanza. Sifuri ni sakafu ya kreta, fanksheni zenye ukubwa wa 2π zimo katika ukuta, na e ni ufuo wa ziwa. Wengine hutumia tandiko lililo kati ya Kibo na Mawenzi kama mfano, lakini mlima wa Kilimanjaro unaweza kuzungukwa kwa chini, na hoja yetu inadai ukuta usiozungukika. Kwa hiyo kreta ndiyo picha iliyo sahihi.

Hatua ya nne: fafanua kimo cha kipito

Chukua kila njia isiyokatika inayoanzia 0 na kuishia e, na kwa kila njia andika kimo cha juu kabisa ambacho J inakifikia juu yake. Kisha, kati ya vimo hivyo vyote, tafuta kiwango cha chini ambacho havipiti. Kiite c. Ndicho kimo ambacho msafiri mwenye busara kuliko wote analazimika kupanda.

Kila njia lazima iukate ukuta, kwa hiyo c ≥ π². Njia ya moja kwa moja, a·sin πx kwa a kutoka 0 hadi 6, ina kilele chake pale a² = 4π²/3, na kimo chake ni π⁴/6, yaani takriban 16.235. Kwa hiyo tumekwisha kujua, kabla ya kuwa na suluhisho lolote mkononi, kwamba c iko kati ya 9.87 na 16.24.

Theoremu ambayo Antonio Ambrosetti na Paul Rabinowitz waliichapisha mwaka 1973, ambayo kwa Kiswahili naiita theoremu ya kipito cha mlimani, inasema kwamba chini ya sharti moja tutakaloliona sasa hivi, c ni nishati ya nukta tuli. Hoja yake inaeleweka bila fomyula. Tuseme kwamba kwenye kimo c hakuna nukta tuli hata moja. Basi kila mahali karibu na kimo hicho pana mwinamo, na kila sehemu ya njia iliyofika huko inaweza kusukumwa kidogo kuufuata mteremko, kama maji yanavyosukumwa. Ukichukua njia ambayo kilele chake kinakaribia c kwa juu na kuisukuma hivyo, unapata njia mpya yenye kilele kilicho chini ya c, na ncha zake hazikuguswa kwa sababu ziko chini sana. Lakini c ilifafanuliwa kuwa kiwango ambacho hakuna njia inayopita chini yake. Kwa hiyo dhana ya mwanzo haikuwa kweli.

Hatua ya tano: hakikisha kwamba kipito hakitoroki

Hoja ya hatua iliyopita ina tundu. Inawezekana mwinamo usiwe sifuri mahali popote, lakini uzidi kufifia kadiri unavyokwenda mbali, kiasi kwamba msukumo wetu haushushi njia kwa kiasi cha kutosha. Tundu hili si la kubuni, na unaweza kuliona katika uwanda wa kawaida wa x na y:

f(x, y) = x² + (1 − x)³y².

Kwenye (0, 0) kimo ni 0. Kwenye duara lenye nusu kipenyo ½ kuizunguka nukta hiyo, x haizidi ½, kwa hiyo f haipungui x² + y²/8, ambayo nayo haipungui 1/32: ukuta upo. Kwenye (2, 3) kimo ni 4 − 9 = −5: mahali pa chini nje ya ukuta papo. Kila kitu ni kama Ngorongoro. Hata hivyo, tafuta nukta tuli. Derivativu ya f kwa y ni 2(1 − x)³y, nayo ni sifuri pale x = 1 au y = 0 tu. Kama x = 1, derivativu kwa x ni 2, si sifuri. Kama y = 0, derivativu kwa x ni 2x, na inabaki (0, 0) peke yake. Ukuta upo, mahali pa chini papo, kipito hakipo. Kimetoroka: ukiiacha x ikaribie 1 na y ikue kwa namna ambayo (1 − x)²y² inakaribia 2/3, derivativu zote mbili zinafifia na kimo kinakaribia 1, lakini y haikomi kukua.

Mfano huu una fanksheni ya aljebra tupu yenye viwakilishi viwili, x na y. Mtu akishauona hawezi tena kuandika “umbo la nishati lipo, kwa hiyo suluhisho lipo” bila dhamiri kumsuta. Katika nafasi H, ambayo ina mielekeo isiyo na idadi, njia za kutoroka ni nyingi zaidi, na ndiyo maana hatua hii inastahili muda mrefu kuliko zote.

Sharti linaloziba tundu limepewa majina ya Richard Palais na Stephen Smale, waliolitumia katika miaka ya 1960. Linasema hivi: kila mfuatano u₁, u₂, u₃ na kuendelea, ambao J(uₙ) inakaribia kimo fulani na J'(uₙ) inakaribia sifuri, lazima uwe na mfuatano mdogo ndani yake unaotulia kwenye fanksheni iliyomo katika H. Kuithibitisha kwa mlinganyo wetu kuna sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kuonyesha kwamba mfuatano haukimbilii mbali. Toa robo ya J'(u)u kutoka kwa J(u). Kwa kuwa J'(u)u = ∫u'² − ∫u⁴, sehemu za kipeo cha nne zinafutana kabisa na kinachobaki ni:

J(u) − ¼J'(u)u = ¼‖u‖².

Upande wa kushoto, kwa mfuatano wetu, hauzidi namba isiyobadilika ukijumlisha kiasi kidogo mara ‖uₙ‖. Kama ‖uₙ‖ ingekua bila mwisho, upande wa kulia, ulio wa kipeo cha pili, ungeupita upande wa kushoto, ulio wa kipeo cha kwanza. Kwa hiyo ‖uₙ‖ haivuki kiwango fulani. Angalia kwamba ufutanaji huu ulitegemea u³ kukua kwa kasi kuliko u. Kwa mlinganyo mwingine ndipo utakapopaswa kutafuta namba ya kuweka badala ya robo.

Sehemu ya pili ni kupata kikomo. Makadirio ya kwanza na ya pili ya hatua ya pili yanasema kwamba fanksheni uₙ zote zimo ndani ya ukanda mmoja, na kwamba hakuna inayoruka ghafla kuliko nyingine. Theoremu ya Arzelà na Ascoli inatoa basi mfuatano mdogo unaotulia kwa pamoja katika kila x. Lakini huo ni utulivu wa thamani, nasi tunataka utulivu wa derivativu pia, kwa sababu ‖ ‖ inapima derivativu. Andika:

‖uₙ − uₘ‖² = (J'(uₙ) − J'(uₘ))(uₙ − uₘ) + ∫(uₙ³ − uₘ³)(uₙ − uₘ).

Sehemu ya kwanza upande wa kulia inafifia kwa sababu J' inakaribia sifuri na ukubwa wa uₙ − uₘ hauvuki kiwango. Sehemu ya pili inafifia kwa sababu thamani zimekwisha kutulia kwa pamoja. Kwa hiyo hatua za mfuatano zinasogeleana kwa kipimo cha H, na kwa kuwa H tuliikamilisha makusudi katika hatua ya pili, kikomo kimo ndani yake.

Sharti limetimia, theoremu inafanya kazi, na tunayo fanksheni u yenye J'(u) = 0 na J(u) = c ≥ π². Kwa kuwa nishati ya sifuri ni 0, u si sifuri.

Hatua ya sita: rudi kwenye mlinganyo wenyewe

Tulichonacho ni sura dhaifu, ∫u'φ' = ∫u³φ, na bado hatujui kama u ina derivativu ya pili. Kwa bahati njema u haikatiki, na u³ vivyo hivyo. Piga integrali mara mbili upate fanksheni w ya kawaida yenye −w'' = u³ na w(0) = w(1) = 0. Fanksheni w nayo inatimiza ∫w'φ' = ∫u³φ. Toa moja kwenye nyingine, kisha weka φ = u − w: unabaki na ‖u − w‖² = 0, maana yake u ni w. Kwa hiyo u ina derivativu ya pili isiyokatika, u³ inapata ulaini uleule, u inapanda hadi derivativu ya nne, na kuendelea bila kukoma.

Hatua ya saba: pata namba

Uthibitisho wa kuwapo hautoshi kwa mhandisi, na kwa maoni yangu haupaswi kumtosha hata mwanahisabati, kwa sababu namba ndiyo inayofichua kosa la hatua ya kwanza.

Chukua fanksheni yoyote v isiyo sifuri na uiite A = ∫v'² na B = ∫v⁴. Kwenye mwale tv, nishati ni t²A/2 − t⁴B/4. Inapanda, inafika kilele kimoja pale t² = A/B, kisha inashuka bila mwisho. Kimo cha kilele ni A²/(4B). Kwa mlinganyo wetu inathibitishwa kwamba c ndiyo thamani ya chini kabisa ya vilele hivi vyote, wazo ambalo Zeev Nehari alilitumia karibu na mwaka 1960. Faida yake ni kubwa: kila v unayoijaribu inakupa kadirio lililo juu ya c au sawa nayo, kamwe si chini, na kadirio dogo zaidi ndilo bora zaidi.

Parabola x(1 − x) ina A = 1/3 na B = 1/630, na kilele chake ni 17.5. Sin πx, kama tulivyoona, inatoa 16.235. Kwa nini sin inaishinda parabola? Kwa sababu kwenye ncha u ni sifuri, kwa hiyo u'' = −u³ nayo ni sifuri: suluhisho la kweli limenyooka linapofika ncha, kama sin, na parabola inabaki imepinda.

Ili kuboresha, rudia mzunguko huu: ukiwa na u, tatua −v'' = u³ yenye v sifuri kwenye ncha, kisha inyooshe au ifupishe v kwa t ili ifike kilele cha mwale wake, na hiyo ndiyo u mpya. Mlinganyo wa ndani ni rahisi kwa sababu u³ inajulikana, na tofauti u − v ndiyo gradienti ya J, yaani mwelekeo ambao J inapanda kwa kasi zaidi, kwa kipimo cha H, kwa hiyo kwa kweli tunateremka. Anza na sin πx. Tunajua kwamba sin³πx = (3 sin πx − sin 3πx)/4. Kupiga integrali mara mbili kunagawa sehemu ya kwanza kwa π² na ya pili kwa 9π², kwa hiyo v ni sawa, kwa uwiano, na:

sin πx − (1/27) sin 3πx.

Kilele cha mwale huu ni takriban 15.773. Mzunguko mmoja, unaofanyika kwenye karatasi, umeshusha kadirio kutoka 16.235. Ukiacha 1/27 na kutafuta uwiano bora zaidi kati ya sin πx na sin 3πx, unapata takriban 0.0448 badala ya 0.0370, na kilele kinakuwa 15.759. Kwenye kompyuta ungeendelea na vipande vidogo vya x. Kwa matatizo ya uwanda, Y. S. Choi na P. J. McKenna walichapisha mwaka 1993 algorithimu inayofuata wazo la kipito moja kwa moja, ikiishusha njia nzima hatua kwa hatua.

Sasa ipime kazi. Zidisha mlinganyo wa awali kwa u' na upige integrali: ½u'² + ¼u⁴ ni namba isiyobadilika, na katikati, ambapo u iko juu kabisa kwa thamani M, namba hiyo ni ¼M⁴. Kutenganisha viwakilishi kunatoa M = 2√2 mara integrali ya 1/√(1 − t⁴) kutoka 0 hadi 1, ambayo ni 1.31103, namba iliyojulikana tangu karne ya 18 katika kupima urefu wa mchoro wa lemniskati. Kwa hiyo M ni takriban 3.708. Ukipiga integrali ya usawa huohuo na kukumbuka kwamba ∫u'² = ∫u⁴, unapata kwamba kila mojawapo ni M⁴/3, na nishati ni M⁴/12, yaani 15.756.

Linganisha: makadirio yetu yote yako juu ya 15.756, kama nadharia ilivyodai, na la mwisho linakosea kwa chini ya sehemu 2 kati ya 10,000. Kimo cha katikati kinatoka 3.628 kwa sin peke yake, 3.685 baada ya mzunguko mmoja, na 3.701 kwa uwiano bora. Kimo kinakosea zaidi kuliko nishati, na hivyo ndivyo inavyotarajiwa, kwa sababu karibu na nukta tuli nishati haibadiliki sana hata fanksheni inapobadilika.

Hatua ya nane: kabla ya kuhamia kwenye tatizo lako

Suluhisho tulilolipata halina mwenzake mmoja tu, −u. Chukua k·u(kx), ukiiendeleza u nje ya 0 na 1 kwa kugeuza alama kila kipande: nayo inatimiza mlinganyo, ina mabonde na vilele k, na nishati yake ni k⁴ mara 15.756. Ile ya k = 2 ina nishati ya takriban 252. Ambrosetti na Rabinowitz walionyesha kwamba wingi huu hautokani na bahati ya kufanya kazi kwenye mstari, bali na ukweli kwamba J(u) = J(−u). Kama unahitaji suluhisho chanya tu, badilisha u³ kwa fanksheni iliyo sifuri pale u inapokuwa hasi, kisha urudie hatua zote. Kuweka sehemu hasi ya u mahali pa φ kutakuonyesha kwamba sehemu hiyo ni sifuri.

Lililo muhimu zaidi ni idadi ya vipimo vya mahali x inapokaa: mstari una kipimo kimoja, uwanda una viwili. Tulipata kikomo katika hatua ya tano kwa sababu, kwenye kipande cha mstari, ‖u‖ inaidhibiti u(x) kila mahali. Katika uwanda na katika vipimo vingi zaidi udhibiti huo unapotea, na badala yake kuna udhibiti wa integrali za u kwa vipeo fulani tu. Kwa vipimo N, kuanzia 3 kwenda juu, mpaka wa kipeo kilichopo upande wa kulia wa mlinganyo ni (N + 2)/(N − 2). Katika vipimo 3 mpaka ni 5, kwa hiyo u³ iko salama, na hatua zote zilizo hapo juu zinapita kwa kubadilisha theoremu ya Arzelà na Ascoli kwa ile ya Rellich. Katika vipimo 4 mpaka ni 3 hasa: ukuta wa kreta bado upo, mahali pa chini papo, lakini mfuatano unaweza kujikusanya wote kwenye nukta moja na kupotea. Pohozaev alitoa mwaka 1965 usawa ambao, ukitumiwa ndani ya tufe la vipimo 4, unaonyesha kwamba mlinganyo uleule tulioutatua hapa hauna humo suluhisho chanya hata moja.